Kusoma uwanja wa vilima vya volkeno: mwongozo kamili wa kazi ya nje

Mlima mkubwa wa volkeno hulipuka mara nyingi kupitia kinywa kilekile, na historia yake imepangwa wima, tabaka juu ya tabaka. Uwanja wa vilima vya skoria, yaani kokoto za volkeno zenye vitundu, ni kinyume chake. Kilima kimoja kwa kawaida hulipuka kipindi kimoja tu, cha siku chache hadi miaka michache, kisha njia iliyoleta magma hugandia humo humo ardhini na kuziba. Magma inayofuata hupasua mahali pengine. Historia yote imetawanyika juu ya nchi, na kazi ya mjiolojia ni kuikusanya kilima kwa kilima na kuiweka katika mfuatano.

Mfano unaojulikana zaidi ni Parícutin, jimbo la Michoacán huko Mexico. Tarehe 20 Februari 1943 ufa ulifunguka katika shamba la mahindi. Mwaka mmoja baadaye kilima kilikuwa kimepita mita 300, na mlipuko ulipokoma mwaka 1952 kilikuwa kimefikia mita 424 juu ya shamba lile. Hakijalipuka tena tangu hapo, na hakitarajiwi kulipuka. Sheria hii ina vighairi: Cerro Negro ya Nicaragua ilizaliwa mwaka 1850 na imelipuka mara nyingi tangu wakati huo. Lakini ukianza kazi ukidhani kila kilima ni tukio moja, utakosea mara chache.

Wengi wakifika uwanjani hukimbilia kilele. Kileleni pana mandhari nzuri na taarifa chache: kokoto zilizoporomoka, majani, na njia za mifugo. Mfuatano unaofaa ni ramani, kisha umbo, kisha ukuta uliochimbwa, kisha lava, na mwisho uhusiano wa vilima vyenyewe.

Hatua ya 1: Kazi ya mezani

Pata data ya mwinuko ya setilaiti yenye chembe za mita 30, yaani kila nukta ya picha ina upana wa mita 30; inapatikana bure kwa sehemu kubwa ya dunia. Chora kontua za kila mita 10. Kisha tengeneza picha mbili za kivuli, moja yenye mwanga kutoka kaskazini-magharibi na nyingine kutoka kaskazini-mashariki. Picha moja haitoshi, kwa sababu nyufa na safu za vilima zinazoelekea sambamba na mwanga hazitoi kivuli na hutoweka kabisa.

Kila kilima kipe namba, wala usitegemee majina, maana kilima kimoja chaweza kuwa na majina matatu kwa jamii tatu. Katika jedwali andika kipenyo kirefu na kifupi cha kitako, kipenyo kirefu na kifupi cha kasoko (shimo la kileleni), mwelekeo wa mhimili mrefu, upande uliobomoka kama upo, na kama kuna lava iliyotoka. Ongeza safu ya uhakika: A kwa kilima dhahiri, B kwa kinachoelekea kuwa kilima, C kwa kinachotia shaka. Vilima vya C ndivyo vitakavyokula muda wako porini, kwa hiyo vihesabu mapema.

Data ya mita 30 ina udhaifu unaotabirika. Kasoko yenye upana wa mita 60 ni chembe mbili tu, na programu huilainisha hadi kilima kionekane kama kichuguu kisicho na shimo. Msitu nao huinua uso wa ardhi, kwa kuwa chombo hupima zaidi majani ya juu kuliko udongo. Kasoko yoyote yenye upana chini ya mita 150 ipimwe kwa kuifikia kwa miguu.

Hatua ya 2: Vifaa

Nyundo ya jiolojia, dira yenye klinomita (kipima mwinamo), GPS, utepe wa mita 30, lenzi ya kukuza mara 10, koleo, mwiko wa chuma, brashi ngumu, chekeche za milimita 64, 32, 16, 8, 4, 2 na 1, mizani ya kuning'iniza ya kilo 5, mifuko na kalamu ya wino usiofutika. Kofia ngumu na miwani si hiari, kwani skoria ikipigwa nyundo hutoa vigae vya kioo. Buti ziwe za soli ngumu. Beba maji yote utakayohitaji, kwa sababu juu ya skoria changa mvua huzama papo hapo na hutakuta kijito.

Jihadhari na dira. Bazalti ina sumaku ya kutosha kuipotosha sindano, hasa kileleni palipopigwa na radi. Usiiweke dira juu ya mwamba. Ishike kifuani, piga mwelekeo, tembea hadi alama uliyoilenga, kisha piga mwelekeo wa kurudi. Majibu mawili yakitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 3 baada ya kuondoa nyuzi 180, yatupe yote na utumie nukta mbili za GPS.

Hatua ya 3: Pima umbo

Vipimo vitatu ndivyo vinavyohitajika: kimo, kipenyo cha kitako na kipenyo cha kasoko kutoka ukingo hadi ukingo. Kilima kipya kabisa kina kimo cha karibu 0.18 ya kipenyo cha kitako, na kasoko yenye upana wa karibu 0.40 ya kitako. Uwiano huo hautokei kwa bahati. Kokoto zilizolegea hutulia kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 33. Zikizidi hapo huporomoka. Kilima kinapokua, kinapanda na kupanuka kwa pamoja huku mteremko ukibaki uleule.

Mteremko wa wastani unaupata hivi: zidisha kimo kwa 2, gawanya kwa tofauti ya vipenyo viwili, kisha tafuta pembe yenye tanjenti hiyo. Chukua kilima cha kimo cha mita 90, kitako mita 800 na kasoko mita 230, ambavyo ndivyo vipimo vya kawaida katika uwanja wa Michoacán-Guanajuato wenye vinywa zaidi ya 1,000. 180 ukigawanya kwa 570 ni 0.316, yaani nyuzi 17.5. Uwiano wa kimo na kitako ni 0.11. Kilima hicho kimelala sana ukilinganisha na kipya. Kokoto za juu zimeteremka na kurundikana chini, kimo kimepungua na kitako kimetanuka.

Ujazo unakadiriwa kama koni iliyokatwa kichwa: jumlisha mraba wa kitako, mraba wa kasoko, na kitako mara kasoko, zidisha kwa kimo, kisha kwa 0.262. Kwa mfano wetu ni takriban mita za ujazo milioni 20.7. Kasoko yenye kina cha mita 40 inapunguza takriban 0.55 milioni tu, chini ya asilimia 3, kwa hiyo usihangaike nayo sana. Kosa kubwa liko kwingine. Skoria ni hewa kwa sehemu kubwa. Ukitaka ujazo wa magma yenyewe, pima uzito wa ndoo ya ujazo unaojulikana. Mara nyingi utapata karibu kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, na bazalti isiyo na vitundu ni karibu 2,700. Milioni 20.7 inashuka hadi chini ya milioni 8. Anayesahau hatua hii huongeza magma ya uwanja mzima karibu mara tatu.

Umbo ni dokezo la umri, na hapo ndipo ripoti nyingi huharibika. Mambo manne huubadilisha uwiano bila umri kuhusika. Ardhi ya chini ikiwa na mteremko, upande mmoja utaonekana mrefu na mwingine mfupi. Pima kimo kutoka pande zote mbili na uchukue wastani. Lava ya baadaye ikizunguka kilima, huzamisha kitako, na kimo unachokiona leo ni pungufu ya kimo halisi; hivyo ndivyo ilivyo Parícutin. Ukingo uliojengwa kwa mabonge ya lava yaliyoangukia yakiwa bado laini na kushikamana huwa mgumu kama saruji na huhifadhi umbo kwa muda mrefu. SP Crater ya Arizona, yenye kimo cha takriban mita 250, ina ukingo wa namna hiyo. La nne ni hali ya hewa: mvua nyingi huzeesha kilima haraka kuliko jangwa. Linganisha vilima vya uwanja mmoja, vya kokoto za ukubwa unaokaribiana, na hata hapo sema "kimechakaa zaidi" kabla ya kusema "ni cha zamani zaidi".

Hatua ya 4: Ukuta uliochimbwa

Machimbo ya kokoto za barabara ndiyo zawadi kubwa kwa kazi hii. Ukuta mmoja mzuri una thamani kuliko kupanda vilima kumi.

Kabla ya kuukaribia, simama umbali usiopungua kimo cha ukuta na uutazame kwa dakika kumi. Skoria iliyochimbwa wima husimama kwa muda kwa sababu kokoto zimeng'ang'aniana kwa kingo zake zenye meno, kisha huanguka bila onyo. Tafuta nyufa sambamba na ukingo wa juu, mabomu makubwa yaliyoning'inia, na vumbi linalotiririka. Ukiona chochote kati ya hivyo, chagua ukuta mwingine. Usifanye kazi chini ya ukuta unaozidi kimo chako mahali ambapo sehemu yake ya chini imechimbwa kuingia ndani. Ngazi za machimbo, ambapo kila hatua ni mita mbili au tatu, zinatosha.

Safisha ukanda wa wima wenye upana wa nusu mita kwa koleo, kisha kwa brashi, ukianzia juu. Weka utepe. Kwa kila tabaka andika unene, rangi, ukubwa wa vipande vitano vikubwa kuliko vyote, kama vipande vinalingana au vimechanganyika, kama vinakua kuelekea juu au chini, na mpaka wake na tabaka linalofuata: mkali au wa taratibu. Vipande vyenye kipenyo chini ya milimita 2 ni majivu, kutoka 2 hadi 64 ni lapili, na zaidi ya 64 ni mabomu kama viliruka vikiwa laini, au magongo kama viliruka vikiwa vigumu tayari.

Chukua sampuli ya kilo 1 kwa tabaka la lapili ndogo, na kilo 5 au zaidi linapokuwa na vipande vya sentimita kadhaa. Sampuli ndogo hapo hutawaliwa na kokoto moja au mbili kubwa na majibu hayana maana. Chekecha kwa mkono polepole, si zaidi ya dakika moja kwa kila chekeche. Skoria huvunjika kwa urahisi, na ukiitikisa kwa nguvu unatengeneza majivu ambayo volkeno haikuyatengeneza.

Sasa tafsiri. Tabaka nene la lapili nyeusi zinazolingana, lenye mabomu hapa na pale na majivu machache, ni mlipuko wa kawaida wa gesi: viputo vikubwa vinapasuka kinywani kimoja baada ya kingine na kurusha lava mita mia moja au mia mbili juu. Majivu yakizidi na lapili zikiwa ndogo, mlipuko ulikuwa mkali zaidi, na wingu lake lilikwenda mbali. Ukipata haya, jiandae kutafuta tefra yake, yaani majivu na kokoto zilizorushwa hewani, kilomita kadhaa kuelekea upande wa upepo.

Majivu laini ya kijivu au manjano katika mita za mwanzo, yenye vijidonge vya majivu vya ukubwa wa choroko, ni alama ya maji. Magma ilikutana na maji ya ardhini, yakageuka mvuke ghafla na kuisaga. Mabomu ya awamu hii hayana umbo la kusokotwa. Ngozi yake ina uvimbe na mipasuko mingi, na ukiyapasua utakuta ndani vipande vya mwamba wa chini. Utakuta pia mabomu yaliyozama katika majivu na kuyapinda chini yake, dalili kwamba majivu yalikuwa mabichi na yenye unyevu. Maji yakiisha, matabaka ya juu hubadilika kuwa skoria kavu. Yasipoisha, kilima hakijengwi kabisa. Badala yake unapata maar, yaani shimo pana lililozama ardhini na kuzungukwa na ukingo mfupi wa majivu. Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ina vya aina zote mbili kwa pamoja. Maar za huko huitwa gof.

Rangi nyekundu inapotosha wengi. Skoria nyekundu si kongwe kuliko nyeusi. Wekundu ni chuma kilichooksidika wakati kokoto zilipokuwa bado za moto, zikipitiwa na hewa na mvuke kutoka kinywani. Kwa hiyo nyekundu hukuonyesha ulipo, si lini: ukiona ukuta unageuka kutoka mweusi kwenda mwekundu mita kwa mita, unaelekea kwenye kinywa. Wekundu wa uzee una sura nyingine. Huanzia juu, hufuata mizizi na nyufa, na kokoto husagika kwa vidole kuwa udongo. Nyekundu ya moto hubaki ngumu na hulia kama kigae ukiigonga.

Pima pia mwinamo wa matabaka. Nje ya ukingo wa kasoko yanainama kutoka kwenye kinywa kwa nyuzi 25 hadi 33. Ndani yanainama kuelekea kinywani. Mahali mwinamo unapogeuka ndipo ulipokuwa ukingo wakati tabaka hilo linaanguka. Ukipata migeuko miwili katika ukuta mmoja, ukingo ulihama: kinywa kilisogea, au sehemu ya kilima ilibomoka na kujengwa upya. Migeuko hii haionekani kamwe kutoka kileleni.

Mwisho, chukua bomu moja la ukubwa wa ngumi, lipasue katikati, uweke lenzi. Ukingo wa nje, milimita chache tu, ni mweusi wa kioo na vitundu vyake ni vidogo kama ncha ya sindano. Kuelekea katikati vitundu vinakua na kuungana, kwa sababu ndani palichelewa kupoa na gesi ikapata muda. Chembe za kijani kibichi chenye umanjano ni olivini. Nyeusi zenye kung'aa ni pairoksini. Ukikuta kokwa zima la kijani, punje zake zote zikiwa za fuwele, hilo ni peridotiti: kipande cha tabaka la dunia lililo chini ya ganda. Ni kizito kuliko magma iliyokibeba, kwa hiyo magma ilipanda upesi kuliko kokwa lilivyoweza kuzama. Vilima vya Chyulu nchini Kenya vinajulikana kwa vipande hivi. Uwanja wenye peridotiti una magma isiyosubiri katika ghala la juu, na hilo ni jambo la kuandika kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Hatua ya 5: Ifuate lava hadi ilikotoka

Anza kwenye ncha ya mtiririko na upande juu. Mara nyingi utafika kwenye kitako cha kilima, si kwenye kasoko. Rundo la kokoto halina nguvu ya kushikilia safu ya lava nzito ndani yake. Lava iliyopoteza gesi huzama, hupenya chini ya rundo na kutokea pembeni. Kasoko iliyojaa lava hadi ukingoni ni nadra, na ukiiona, angalia kama ukingo wake ni ule ulioshikamana.

Lava ikitoka kwa wingi hubeba upande wa kilima mgongoni mwake na kuacha umbo la kiatu cha farasi. Vipande vilivyobebwa husafiri mbali, kilomita kadhaa wakati mwingine, vikibaki vimesimama juu ya lava kama vichuguu vyekundu vya mita 10 hadi 20. Ndivyo vilima vingi vya daraja C. Jaribio ni jepesi: kilima halisi kina matabaka yanayoinama pande zote kutoka katikati, kipande kilichobebwa kina matabaka yanayoinama upande mmoja tu, au yaliyosimama wima, na lava inakizunguka bila kutoka kwake. Usipofanya jaribio hili, idadi ya vinywa vyako itavimba.

Aina ya uso iandike pia. Pahoehoe ina ngozi laini yenye mikunjo ya kamba. Aa ni vifusi vyenye makali juu na chini, na kiini kigumu katikati. Sampuli nzuri kwa maabara hutoka katika kiini hicho, si kwenye vifusi.

Hatua ya 6: Nani alitangulia

Chimba mashimo ya majaribio juu ya kila mtiririko wa lava na juu ya mteremko mpole wa kila kilima, kina cha mita 1 au hadi ufikie mwamba. Swali ni moja: je, kuna tefra ya kilima kingine juu yake? Lava iliyofunikwa na tefra ya kilima namba 14 ni kongwe kuliko namba 14. Lava iliyo mtupu, huku mashimo ya jirani yakiwa na sentimita 40 za tefra hiyo, ni changa kuliko namba 14. Mashimo ishirini ya namna hii yanaweza kupanga nusu ya uwanja bila maabara yoyote. Tabaka la udongo wa kale kati ya tefra mbili ni ushahidi wa muda mrefu. Vumbi la upepo lenye sentimita moja si udongo, angalia vishimo vya mizizi.

Kwa unene wa tefra, piga mstari kuelekea upande wa upepo na upime kwenye mita 250, 500, kilomita 1, 2 na 4. Kila kituo chimba mashimo matatu ndani ya mita 10 na uchukue wastani. Epuka mabonde, ambako mvua hukusanya, na migongo, ambako hupunguza. Chora mistari ya unene sawa, pima eneo lililo ndani ya kila mstari, kisha weka logi ya unene dhidi ya kipeuo cha pili cha eneo. Nukta zikikaa karibu na mstari ulionyooka, vipimo vyako vinakubaliana. Nukta iliyokaa peke yake mbali ni shimo baya. Rudi ukalichimbe tena.

Mifereji ya mvua ina kichekesho chake. Kilima kipya hakina mifereji kwa sababu maji yote huzama. Mmomonyoko huanza pale vumbi la upepo na udongo vinapoziba matundu ya kokoto. Ndipo maji yanapoanza kutiririka. Kilima chenye mifereji mirefu kuanzia ukingoni hadi kitakoni kimeshapita hatua hiyo. Maji yanayozama nayo hayapotei: chemchemi za Mzima hupata maji yake kutokana na mvua inayochujwa na miamba ya Chyulu.

Hatua ya 7: Umri wa kweli

Mkaa chini ya tefra au chini ya lava ndio sampuli bora kwa kaboni 14, ambayo hufika hadi miaka 50,000 hivi. Tumia mwiko safi, funga kwa karatasi ya alumini, gramu chache zinatosha. Toa kila uzi wa mzizi ukiwa shambani. Mzizi wa juzi hufanya mlipuko uonekane mchanga kuliko ulivyo.

Kwa vilima vikongwe tumia njia ya argoni. Chukua kilo 2 za kiini cha lava kisichooza, kisicho na zenolithi. Kipande kidogo cha mwamba wa kale ndani ya sampuli huleta argoni yake ya zamani na kuongeza umri. Kwa lava ya miaka elfu chache argoni ni kidogo mno na jibu huwa na makosa makubwa kuliko umri wenyewe. Juu ya pahoehoe ambayo kamba zake bado zimesalia, heliamu 3 iliyotengenezwa na miale ya anga ndani ya olivini hufaa; kamba zikishachakaa, uso uliopigwa na miale umeondoka na jibu litapungua.

Usumaku ni njia nafuu ya kugawa uwanja mara mbili. Lava yenye sumaku iliyogeuzwa kwa kawaida ina zaidi ya miaka 773,000, wakati ncha za sumaku za dunia zilipobadilishana mara ya mwisho. Chukua sampuli sita hadi nane kwa kila mtiririko, mbali na vilele vilivyopigwa na radi.

Hata tarehe iliyozoeleka ikaguliwe upya. Sunset Crater ya Arizona ilitajwa kwa miaka mingi kuwa ya mwaka 1064, kwa kutegemea pete za miti. Kazi za baadaye zimeisogeza hadi takriban 1085.

Hatua ya 8: Mistari na makundi

Magma hupanda kwa kupasua mwamba, na ufa hufunguka kuelekea upande wenye mbano mdogo zaidi. Daika, yaani ufa uliojaa magma iliyoganda, kwa hiyo hukaa kwa pembe mraba na mwelekeo huo, na vinywa hujipanga juu ya daika. Ndiyo maana mistari ya vilima huonyesha mbano wa ganda la dunia.

Lakini nukta zozote zilizotawanyika zitakupa mistari ukizitazama kwa muda wa kutosha. Vilima vitatu kwenye mstari si ushahidi. Kubali mstari wenye vinywa vinne au zaidi, na angalau jambo moja jingine: kasoko zilizorefuka kuelekea huko, daika iliyoonekana ndani ya machimbo, au skoria yenye madini yaleyale. Upande uliobomoka usiutumie peke yake, kwa kuwa juu ya ardhi yenye mteremko vilima hubomoka kuelekea chini. Ukingo mmoja kuwa juu kuliko mwingine pia haumaanishi ufa. Mara nyingi ni upepo uliorundika kokoto upande huo.

Hatua ya 9: Swali la mara ngapi

Kila ripoti huulizwa mlipuko ujao ni lini, na jibu rahisi ni kugawanya miaka kwa vinywa. Uwanja wa Auckland, New Zealand, una vinywa takriban 50 katika miaka kama 200,000, yaani kimoja kila miaka 4,000. Namba hiyo haitoshi: milipuko huko ilikuja kwa makundi na mapengo marefu, na Rangitoto, ya miaka 600 hivi iliyopita, ndiyo ya mwisho na ndiyo kubwa kuliko zote.

Badala ya wastani, andika pengo fupi na pengo refu kati ya milipuko yenye tarehe, ujazo wa magma wa kila mmoja baada ya kuondoa hewa, na idadi ya vilima visivyo na tarehe kabisa. Toa vinywa vya daraja C nje ya hesabu, lakini vionyeshe kwenye ramani kwa duara tupu, ili atakayekuja baada yako ajue aanzie kuchimba wapi.